Mapatano na Wadai Kabla ya Kufilisika

Mapatano ya ulipaji ni makubaliano rasmi ambayo mtu aliyezidiwa na madeni hufanya na wadai wake wote kwa pamoja. Mdaiwa huahidi kulipa kiasi fulani kwa muda fulani; wadai nao huacha kumshtaki na kukamata mali zake maadamu analipa. Mapatano haya hutofautiana na ombi la kawaida la kuongezewa muda kwa jambo moja kubwa: yakipitishwa na wadai wa kutosha na kuthibitishwa na mahakama, humfunga hata mdai aliyeyakataa. Mtu anayedaiwa na watu watano akaelewana na wanne bado hajasalimika. Yule wa tano anaweza kwenda mahakamani peke yake, akapata hukumu, akaikazia, na dalali wa mahakama akachukua ng'ombe ambao wale wanne walitegemea wangesaidia kulipa madeni yao.

Katika mazungumzo ya kila siku husemwa kwamba fulani "kafilisika" pale duka lake linapofungwa au anapouza shamba. Kisheria, kufilisika ni hali inayotangazwa na Mahakama Kuu. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, iliyotungwa mwaka 1930 wakati wa utawala wa Waingereza kwa kufuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1914. Mtu akishatangazwa kuwa muflisi, mali zake hupita mikononi mwa msimamizi, huuzwa, na fedha hugawiwa wadai kwa uwiano wa madeni yao. Mpaka atakapoachiliwa na mahakama, hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama, na akikopa kiasi kinachozidi kile kilichowekwa na sheria bila kumweleza mkopeshaji hali yake anatenda kosa la jinai. Mapatano ni mlango ambao sheria hiyohiyo imeuacha wazi kwa mtu asiyetaka kufika huko.

Madeni yanayofuata mvua

Ili kuona mapatano yanavyofanya kazi, inafaa kuanza na aina ya madeni yanayompata mkulima wa Ipililo, mkoani Simiyu. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Bariadi, na ndio unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Mbegu huwekwa ardhini kuanzia katikati ya Novemba, na msimu wa ununuzi hufunguliwa mwezi Mei. Kati ya miezi hiyo pesa hutoka tu: vibarua wa palizi, viuatilifu, ada za shule mwezi Januari, na chakula pale ghala la nyumbani linapoanza kuonyesha sakafu. Kaya yenye mapato ya mara moja kwa mwaka hukopa ili ivuke miezi iliyobaki.

Wakopeshaji wenyewe ni wa aina nyingi. Katika misimu kadhaa, mbegu na viuatilifu vimetolewa kwa mkopo kupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, na deni likakatwa pamba inapouzwa. Kuna vyama vya akiba na mikopo, SACCOS, kuna vikundi vya kuweka na kukopeshana, VICOBA, kuna duka la pembejeo linaloandika kwenye daftari, na kuna jirani mwenye mifugo. Kisha kuna taasisi za mikopo midogo. Hizi zinasimamiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 chini ya Benki Kuu ya Tanzania, iliyoweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi zisizopokea amana. Nje ya mipaka hiyo kuna wakopeshaji wasio na leseni, ambao mikopo yao imepewa na wananchi majina yanayojieleza yenyewe: mikopo umiza na kausha damu. Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni.

Mkopo wa marejesho ya kila wiki umetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeuza kila siku, kama mama lishe au mwendesha bodaboda. Akiuchukua mkulima wa pamba, rejesho la wiki ya pili hutoka kwenye mkopo wenyewe, na la mwezi wa tatu hutoka kwenye mkopo mwingine. Hivyo ndivyo mtu mmoja anavyojikuta na wadai watano.

Juu ya hayo kuna bei. Mwaka 2022 bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,560 kwa kilo. Mwaka uliofuata ilikuwa shilingi 1,060. Mkulima wa ekari 15 anayevuna kilo 300 kwa ekari angepata shilingi 7,020,000 katika msimu wa kwanza na 4,770,000 katika msimu wa pili, kwa jasho lilelile. Aliyekopa kwa kuhesabu bei ya kwanza akalipwa kwa bei ya pili ana pengo la shilingi 2,250,000 kabla hata hajanunua kilo ya sukari. Na wakati mwingine mkulima mwenyewe huwa mdai. Msimu wa 2019, bei ya soko la dunia iliposhuka chini ya bei elekezi ya shilingi 1,200, wanunuzi wengi walichukua pamba na kuchelewa kuilipia, na wakulima wakasubiri haki yao huku wanaowadai wakibisha hodi.

Hatua za mapatano ya kisheria

Chini ya Sura ya 25, shauri huanza kwa ombi la mdai au la mdaiwa mwenyewe mbele ya Mahakama Kuu. Mahakama ikiridhika, hutoa amri ya kuweka mali za mdaiwa chini ya ofisa wa ufilisi wa serikali. Kwa Tanzania Bara kazi hiyo iko chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Tangu amri hiyo itolewe, mdai asiye na dhamana hawezi kufungua wala kuendeleza kesi dhidi ya mdaiwa bila ruhusa ya mahakama. Lakini amri hiyo bado si tangazo la kufilisika. Katikati ya amri na tangazo kuna kipindi kifupi, na katika kipindi hicho ndimo mapatano hupendekezwa.

Kwanza mdaiwa hutoa taarifa ya hali yake: mali zote, madeni yote, majina ya wadai, na dhamana walizoshika. Baada ya hapo ana siku chache za kuwasilisha pendekezo la maandishi lenye saini yake. Pendekezo linaweza kuwa la namna mbili. La kwanza ni kulipa sehemu ya deni na sehemu iliyobaki kusamehewa. La pili ni mpango wa kupanga upya mambo yake, kwa mfano kumkabidhi msimamizi mapato ya misimu kadhaa ili ayagawe.

Ofisa wa ufilisi huitisha mkutano wa wadai na kuwapelekea nakala ya pendekezo pamoja na maoni yake. Wadai wakilikubali, mdaiwa huhojiwa mahakamani hadharani kuhusu mwenendo wake na chanzo cha madeni, na baada ya mahojiano hayo mahakama husikiliza ombi la kuthibitisha mapatano. Kura ya wadai peke yake haitoshi. Mahakama hukataa mapatano yasiyo ya haki au yasiyo na manufaa kwa wadai kwa ujumla, na pia yale yasiyotanguliza madeni yanayopewa kipaumbele na sheria, kama vile kodi na mishahara ya wafanyakazi. Mdaiwa aliyeficha mali au kufanya udanganyifu hutazamwa kwa jicho kali zaidi.

Hesabu ya kura

Sheria inataka mambo mawili yatimie kwa pamoja: walio wengi kwa idadi, na robo tatu ya thamani ya madeni yote yaliyothibitishwa. Kipimo cha kwanza kinawalinda wadogo wasimezwe na mkubwa mmoja. Cha pili kinamlinda mkubwa asipangiwe na kundi la wenye vidai vidogo.

Mfano wa kubuni unaonyesha vipimo hivyo vinavyosaidiana. Mkulima anadaiwa shilingi 10,000,000 zisizo na dhamana: taasisi ya mikopo midogo 4,000,000, SACCOS 3,000,000, duka la pembejeo 2,000,000, kikundi cha VICOBA 600,000, na jirani 400,000. Mapatano yanahitaji wadai watatu kati ya watano, wenye madai yasiyopungua shilingi 7,500,000. Duka likikataa na wengine wote wakakubali, kura ni nne zenye thamani ya 8,000,000. Mapatano yamepita na duka limefungwa nayo. VICOBA na jirani wakikataa, wakubwa watatu wana 9,000,000, na mapatano yamepita pia. Lakini taasisi ya mikopo ikikataa peke yake, wanne waliobaki wana 6,000,000 tu, na pendekezo limeanguka ingawa wengi wameliunga mkono. Ndiyo maana mdaiwa mwenye busara huanza mazungumzo na mdai mkubwa kuliko wote kabla ya kumfikia jirani aliye rahisi kumwelewa.

Kinachomshawishi mdai ni ulinganisho. Ikiwa mkulima huyo, baada ya chakula cha kaya na gharama za shamba, anaweza kutenga shilingi 2,500,000 kila msimu, basi kwa misimu mitatu atalipa 7,500,000, yaani senti 75 kwa kila shilingi anayodaiwa. Taasisi ingepata 3,000,000, SACCOS 2,250,000, duka 1,500,000, VICOBA 450,000, na jirani 300,000. Kama mali zake zikiuzwa leo zingeleta shilingi 3,500,000, na gharama za shauri zikala 500,000, wadai wangegawana senti 30 kwa shilingi. Mdai anayejua hesabu hizo mbili hahitaji kuonewa huruma na mdaiwa wala kumwonea yeye huruma. Anahitaji kuamini kwamba misimu mitatu itakuwa kama ilivyoelezwa.

Hapo ndipo mapendekezo mengi ya wakulima hupata udhaifu. Ahadi ya kulipa kila mwezi haiwezi kushika kwenye mapato ya mara moja kwa mwaka. Pendekezo linalolingana na maisha ya Ipililo huweka malipo makubwa kati ya Juni na Agosti, pamba ikishalipwa, na malipo madogo wakati wa kuuza choroko au dengu. Kiwango hupangwa kwa bei ya mwaka mbaya. Pia hueleza mapema kitakachofanyika mvua zikikatika: kusogeza rejesho hadi msimu unaofuata, au kuuza idadi iliyotajwa ya mifugo mnadani.

Dhamana na wadhamini

Mdai mwenye dhamana ana nafasi yake ya pekee. Benki iliyoshika rehani ya nyumba au shamba haisimamishwi na amri ya mahakama ya ufilisi, na kwenye mkutano hupiga kura kwa sehemu ya deni isiyofunikwa na dhamana, isipokuwa iamue kuiachia. Rehani ya ardhi ina taratibu zake chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999: mkopeshaji hutakiwa kutoa notisi kabla ya kuuza, na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Mpango wowote ambao haukuzungumza na mwenye rehani unaweza kupita kwenye mkutano na bado mkulima akapoteza nyumba.

Wadhamini husahaulika mara nyingi, ingawa mikopo mingi ya vijijini hutolewa kwa sababu yao. Hapa njia ya mahakama na njia ya nje ya mahakama huachana. Mapatano yaliyothibitishwa chini ya Sheria ya Ufilisi humpunguzia mzigo mdaiwa peke yake. Mdhamini hubaki na wajibu wake, na mdai anaweza kumgeukia kwa kilichobaki. Katika makubaliano ya kawaida, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kinyume chake: mkopeshaji akikubaliana na mkopaji kupunguza deni, kumpa muda, au kutomshtaki, bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini huachiliwa. Hiyo ndiyo sababu ofisa wa mikopo anayepanga upya deni huwataka wadhamini warudi kutia saini. Mdhamini anayeitwa kusaini mara ya pili anapaswa kuelewa kwamba saini hiyo ndiyo inayomrudisha kwenye deni ambalo pengine angeachana nalo.

Njia fupi zaidi

Shauri la Mahakama Kuu kwa deni la shilingi milioni kumi lina gharama, safari na miezi ya kusubiri. Kwa hiyo wadaiwa wengi hutafuta njia za karibu, na kila moja ina kasoro yake.

Ya kwanza ni makubaliano ya hiari na wadai wote. Yakiandikwa, yakatiwa saini na kila mdai, na yakitaja kiasi, tarehe na hatima ya riba, huwa mkataba halali kwa waliosaini. Asiyesaini hafungwi. Zaidi ya hayo, njia hii ina mtego: chini ya Sheria ya Ufilisi, kuwatangazia wadai kwamba umesimamisha kulipa madeni yako ni miongoni mwa matendo ambayo mdai anaweza kuyategemea kuomba ufilisike. Mkutano ulioitishwa kwa nia njema unaweza kumpa mdai mmoja mwenye hasira silaha aliyokuwa hana. Barua ya kuitisha mazungumzo yafaa ieleze pendekezo la kulipa, isije ikasomeka kama tangazo la kushindwa.

Ya pili ni amri ya kulipa kwa awamu. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inairuhusu mahakama kuamuru, inapotoa hukumu ya fedha, kwamba kiasi kilipwe kwa mafungu ikiwa kuna sababu ya kutosha. Hukumu ikishatolewa, awamu hupatikana kwa ridhaa ya aliyeshinda. Anayedaiwa hafai basi kukaa kimya hadi dalali afike. Wakati wa kuomba awamu ni kesi ikiwa bado inasikilizwa. Wahusika wakipatana kesi ikiendelea, makubaliano yao yanaweza kusajiliwa mahakamani na kuwa amri yenye nguvu ya hukumu. Sheria hiyohiyo huzuia kukamatwa kwa zana za kilimo, mbegu na mifugo ambayo mkulima anaihitaji ili aendelee kujipatia riziki, pamoja na nyumba anamoishi na familia yake. Hata hivyo amri ya awamu humgusa mdai mmoja tu aliye kwenye kesi. Wengine wanne wako huru.

Ya tatu ni kupitia chama. AMCOS au SACCOS inaweza kupanga upya deni la mwanachama kwa kufuata masharti yake, na makato ya mauzo ya pamba hufanya ulipaji kuwa wa uhakika. Udhaifu wake ni kwamba chama hujikatia kwanza, na wadai wa nje hukuta mfuko mtupu. Malipo ya kumpendelea mdai mmoja muda mfupi kabla ya ufilisi yanaweza kubatilishwa na mahakama, na fedha zikarudishwa kwenye chungu cha wote.

Majirani na nchi za mbali

Nchi jirani zimejaribu kuondoa mtego wa sheria ya zamani. Sheria ya Ufilisi ya Kenya, namba 18 ya mwaka 2015, ilichukua nafasi ya sheria ya kikoloni iliyofanana na ya Tanzania. Mdaiwa wa Kenya anaweza kuomba amri ya muda ya kumlinda kwanza, ndipo aandae pendekezo chini ya msimamizi mwenye sifa, bila kupitia amri inayoweka mali zake chini ya serikali. Mwenye madeni madogo anaweza kupewa amri ya kulipa kwa awamu inayowahusu wadai wake kwa pamoja, na asiye na mali kabisa ana utaratibu wake. Uganda nayo ilitunga sheria mpya mwaka 2011 inayompa mdaiwa kinga ya muda wakati mpango wake unajadiliwa. Uingereza ilianzisha mapatano ya hiari ya mtu binafsi mwaka 1986, yanayopitishwa kwa robo tatu ya thamani ya kura. Kanada ina pendekezo la mlaji kwa mwenye madeni yasiyozidi dola 250,000, bila kuhesabu rehani ya nyumba anamoishi, na muda wake hauzidi miaka mitano.

Kwa kampuni, Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002 ina njia zake za mapatano na wadai, pamoja na usimamizi wa muda chini ya mahakama. Mifano miwili ya maduka makubwa ya Kenya inaonyesha pande mbili za kura. Wadai wa Uchumi waliridhia mapatano ya hiari mwaka 2020, huku Nakumatt, iliyokuwa chini ya msimamizi tangu mwaka 2018, ikiishia kwa wadai kupiga kura ifungwe mwaka huohuo wa 2020. Kote kuwili waliongoja kwa muda mrefu ni wauzaji wa bidhaa waliokwisha kufikisha mzigo.

Mapatano yanapovunjika na yanapotimia

Mapatano yaliyothibitishwa huvunjika kwa sababu kuu tatu: mdaiwa ameshindwa kulipa awamu, mpango hauwezi tena kutekelezwa bila kuwadhulumu wadai au kuchelewesha mno, au uthibitisho ulipatikana kwa hila. Mdai yeyote aliyeathirika anaweza kuomba, na mahakama ikamtangaza mdaiwa kuwa amefilisika na kubatilisha mapatano. Malipo yaliyokwisha kufanywa kihalali chini ya mpango hubaki yalivyo. Kinachokufa ni kinga. Mdaiwa anayeona rejesho la Julai halitafika yafaa aombe marekebisho mwezi Mei, wakati bado ana neno la kutegemewa, kuliko kujieleza baada ya tarehe kupita.

Yakitimia, sehemu ya madeni iliyosamehewa haiwezi kudaiwa tena kwa mdaiwa, hata na mdai aliyepiga kura ya kukataa. Kila mdai anapaswa kutoa stakabadhi ya mwisho au barua ya kumaliza deni, na hati za dhamana zilizoshikwa zirudi kwa mwenyewe. Mahali ambapo taarifa za mikopo hupelekwa kwenye kanzidata, mdaiwa ahakikishe deni limeandikwa kuwa limelipwa, kwa kuwa ofisa wa mkopo wa msimu ujao ataanzia hapo. Na kama tangazo la kufilisika lilikwisha kutolewa kabla ya mapatano kukubaliwa, mahakama inayoyathibitisha inaweza kulifuta tangazo hilo na kumrudishia mdaiwa mali zake, kwa masharti ya mapatano.